Dozi Tuliyogawana

Wakimbizi walipojaa Ngara, mume wangu alipata kibarua cha kushusha mahindi ya msaada kwenye malori. Tulikuwa na miezi michache tu ya ndoa. Siku moja alirudi akitembea kwa shida, kila akienda kukojoa anauma meno. Nilipomuuliza akasema ni kichocho. Sikuwa mjinga, nilikuwa namwamini tu, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Sokoni Kasulo kulikuwa na muuza dawa aliyezipanga chini kwenye turubai, jirani na dagaa. Mume wangu akanunua vidonge vya rangi mbili, dozi ya mtu mmoja. Alipofika nyumbani akavimwaga kitandani, akanigawia nusu.

"Meza na wewe, usije ukaumwa."

Kwetu mwanamume anayekula peke yake ni aibu, na yeye hakuwa mchoyo hata kidogo. Nilijiona mke anayependwa. Maumivu yake yakaisha baada ya siku chache. Mimi tumbo la chini lilikuwa likinivuta mara mojamoja, nikasingizia kubeba maji. Tukasahau.

Miaka mitatu ikapita sijapata mimba. Mama mkwe wangu akawa ananitazama tumbo kabla ya kuitikia salamu. Mwisho akasema wazi: maharage yakishavunwa, nitarudishwa kwetu Mugoma, na mwanawe ataoa mwingine. Binti mwenyewe alikuwa ameshatafutwa. Nikaomba twende kwanza hospitali. Akakubali, kwa sharti kwamba naye aje asikie kwa masikio yake.

Tulikwenda Biharamulo mara mbili, na katikati tukatumwa Mwanza nikapigwe picha ya mirija ya uzazi. Siku ya majibu daktari aliniuliza kama nataka mama aingie. Nikasema aingie.

Daktari alimuuliza mume wangu kama aliwahi kuugua kisonono. Akainamisha kichwa, akasema ndiyo, wakati ule wa kibarua. Daktari akaeleza taratibu kwamba si kila aliyeugua hukosa mtoto. Lakini ugonjwa usipotibiwa mpaka uishe, kwa mwanamke unaweza kupanda kimyakimya na kuacha makovu, na mirija yangu yote miwili ilikuwa imeziba. Nusu dozi haikumtibu mtu. Mbegu za mume wangu zilipimwa, zikakutwa nzima.

Mama mkwe alikuwa hajui Kiswahili. Alikuwa anatutazama midomo. "Anasemaje?" akamuuliza mwanawe kwa Kihangaza.

Mume wangu akajibu, "Anasema mirija yake imeziba."

"Nilijua," mama akasema, akaanza kufunga kanga yake vizuri, tayari kuondoka.

Hasira niliyoipata siku ile sijawahi kuipata tena. Kumbe mume wangu alikuwa radhi nirudishwe kwetu ili yeye abaki msafi. Nikamwambia, "Umemwambia nusu. Mwambie yote, au nitamwambia mimi."

Daktari akaweka kalamu mezani. Kisha mume wangu akamwambia mama yake kila kitu: mwanamke wa kule kwenye malori, uongo wa kichocho, vidonge vya kwenye turubai. Alikuwa analia. Mimi nilikuwa sijaanza kulia bado.

Mama mkwe hakuniomba radhi. Si mtu wa hivyo. Kwenye basi alimwambia mwanawe akakae nyuma, akaketi na mimi, akamenya ndizi mbivu akanipa. Ilikuwa nzima. Hapo ndipo nililia, tangu stendi mpaka karibu na Kasulo, na yeye akaniacha nilie. Maharage yakavunwa, na habari za Mugoma hakuzitaja tena.

Mtoto sikupata. Mume wangu nilimsamehe, polepole na kwa manung'uniko mengi. Ila akiandikiwa dawa, hata za malaria, nasimama mbele yake na kikombe cha maji mpaka amalize zote.