Jaribio la Zuhura

Usiku ule nililala na hasira, sijala, kompyuta iko wazi kitandani, kando ya mto. Kwenye kioo chake ulikuwepo ujumbe wa mmoja wa wasimamizi wa ile kanzidata, mtu nisiyemjua hata sura. Aliandika kwa adabu zote: jaribio la Zuhura linavuruga majaribio mengine, na kama hakuna wa kulirekebisha, kesho jioni wataliondoa kabisa. Sikumjibu. Nilivuta shuka hadi usoni nikasema waliondoe, watajua wenyewe, kisha nikalia mpaka usingizi ukanichukua.

Kabla sijasema nilichokiona, nimtaje Zuhura ni nani. Alikuwa rafiki yangu wa hapa hapa Morogoro, wa mtaa mmoja, tangu enzi za madaftari tuliyoyafunika kwa karatasi za magazeti. Ndiye aliyenivuta kwenye kazi hii isiyo na mshahara. Kanzidata tuliyoihudumia ni programu ya kutunza kumbukumbu, na ni huria, maana yake haina mwenyewe. Hospitali inaitumia, duka linaitumia, na yeyote mwenye ujuzi anaweza kuifungua, akaiona ndani na akairekebisha. Watu wa nchi nyingi wanaijenga. Wengine huongeza mambo mapya ya kupendeza. Sisi wawili tuliandika majaribio. Kosa likishapatikana na kutibiwa, unaliandikia jaribio, ili siku mtu akigusa kitu kosa lile likarudi, jaribio lipige kelele. Zuhura alisema ni kazi ya mlinzi: watu walale, wewe ukae macho.

Jaribio lake alilolipenda kuliko yote alifundishwa na umeme wa mtaani kwetu. Kompyuta yake haikuwa na betri ya maana, umeme ukikatika inazimika papo hapo. Siku moja aliiwasha akakuta jina aliloliandika mwishoni halimo. Kanzidata ilikuwa imemjibu kwamba imehifadhi, kumbe haikuhifadhi. Wenzetu wa mbali, ambao kwao umeme ni kama hewa, hawakuwahi kuliona kosa lile. Lilipotibiwa, Zuhura akaandika jaribio. Linatengeneza jedwali, linaandika humo jina moja, linaizima kanzidata ghafla, linaiwasha tena, kisha linauliza: Zuhura yupo? Maana jina aliloliweka lilikuwa lake mwenyewe, mtu wa kujipenda yule. Jibu likiwa yupo, jaribio limefaulu. Baada ya hapo mstari wa mwisho unafuta kila kitu, ili jaribio linalofuata likute nyumba tupu. Kila jaribio likija linatandika lake, likimaliza linakunja lake. Ndiyo adabu ya kazi yetu.

Jioni moja nilikuwa namsuka. Nilifika nusu ya kichwa, umeme ukakatika, tukasema tutamalizia kesho. Asubuhi kichwa kikamuuma. Kesho yake alasiri tulimzika.

Siku ya kuanua matanga wanawake walikunja mikeka, wakafagia uwanja, masufuria ya kuazima yakarudi kwa wenyewe. Mkeka wa chumba cha uani, chumba chake, niliukalia nikakataa kuinuka. Wakanivuta, nikang'ang'ania, wakaniacha. Tangu hapo kila jioni nilikwenda kukaa juu yake, na Mama Zuhura hakunikataza. Nilijiambia nakwenda kwa ajili yake, mama wa watu asibaki na ukuta.

Tena si mkeka tu. Nilikuwa nalipitia jaribio lake nikafika kwenye ule mstari wa mwisho, unaomfuta, nami nikauondoa. Nilifanya kusudi. Sikuweza kumwona akifutwa tena. Wakati ule jaribio lake ndilo lililokuwa la mwisho kwenye kundi, kwa hiyo hakuna aliyegundua. Zuhura akabaki ndani, jina lake, peke yake. Kisha wenzetu wakaongeza majaribio mengine nyuma yake. Kila lililokuja lilitegemea kukuta nyumba tupu, likamkuta yeye, likaanguka.

Basi nikaota.

Niko kwenye chumba kile cha uani. Ni mchana mweupe, nimekaa mkekani, na cherehani ya mama yake iko pale pale dirishani. Nilikuwa nasikia minong'ono nje. Nikachungulia. Uwanja umejaa watu wa kila namna, nisiowajua, kila mmoja ana mkeka wake uliokunjwa kwapani. Wamesimama kwa ustaarabu kama watu wanaosubiri kuitwa zahanati. Mwanamke mmoja aliye karibu na dirisha ananitazama, hana hasira.

"Tumeambiwa tukute chumba kitupu," anasema.

Nikashusha pazia.

Nilipogeuka, Zuhura alikuwa kwenye meza ya cherehani, amenipa mgongo, anaandika kwenye kompyuta yake kuukuu. Amevaa dera lake la manjano lenye doa la chai. Kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama wima, kama nilivyokiacha. Nikataka kumkimbilia, miguu ikawa mizito. Nasikia vidole vyake tu, tak, tak, tak.

"Pili," ananiita bila kugeuka. "Nani kaondoa mstari wangu?"

"Mimi."

"Msiba wa kujitakia hauna kilio."

Alikuwa akiniambia hivyo kila nilipoharibu kazi yangu mwenyewe, halafu ananicheka mpaka anashika mbavu. Safari hii hakucheka. Nikaanza kulia, na chumba kikawa hakipo tena.

Tuko barazani kwao. Ni jioni, milima ya Uluguru imevaa ukungu, yeye amekaa chini katikati ya magoti yangu nami namsuka ile nusu iliyobaki. Nywele zina harufu ya mafuta ya nazi. Vidole vyangu vinajua njia. Nilikuwa na swali ambalo nilikuwa nimelimeza tangu siku ya mazishi, sijamwambia mtu, na sasa linatoka lenyewe.

"Nilikukaza?"

"Wewe?" Mabega yake yanatikisika kwa kicheko. "Mkono huo ambao hata kuku wa kuchinja anauponyoka?"

Nikacheka na kulia kwa pamoja. Umeme ukakatika. Giza likawa zito kiasi kwamba sikuona hata mikono yangu, na mikononi mwangu hamna nywele tena.

"Uliza," nasikia sauti yake.

"Niulize nini?"

"Lile swali letu."

Nilikuwa naogopa jibu. Nikauliza polepole: "Zuhura yupo?"

Umeme ukarudi. Yupo pale pale, katikati ya magoti yangu, shingo yake ina joto. "Nipo," anasema. Umeme unakatika tena, nauliza tena, unarudi, yupo. Nikawa nauliza kwa pupa, kama mtoto aliyeona mchezo mtamu, na kila mara nipo, nipo. Ningeuliza mpaka kesho.

"Sasa nikunje," akasema.

"Sitaki."

Hapo tukawa tumerudi chumbani. Yeye amesimama, ameshika ncha moja ya mkeka, na mimi nimeukalia. Nje wale watu bado wanasubiri.

"Nikikukunja utaondoka," nikamwambia.

"Nitaondoka. Na wakianza upya nitakuja. Ndivyo nilivyoandika."

"Mimi nataka ukae."

Akachuchumaa mbele yangu. Kichwa chake chote kimesukwa sasa, sijui nilimaliza saa ngapi. Akanitazama kwa ile huruma yake ambayo alipokuwa hai nilikuwa naichukia, maana ilinimaliza maneno.

"Ukiniacha nimekaa, watanitoa kabisa, na hakuna atakayeniuliza tena. Nani humuulizia mtu ambaye hajaondoka?"

Nikatafuta pa kukwepea, nikapata uongo wangu wa siku zote. "Ni mama anayeutaka mkeka huu. Si mimi."

"Mama amechoka, shoga. Kamuulize." Akaninyooshea ile ncha. "Inuka."

Nikanyoosha mkono kuishika, nikaamka. Nilikuwa nimeshika ncha ya shuka, nimeikamata kwa vidole vyote. Nje palikuwa panapambazuka na adhana inaisha. Nilikaa kitandani nikamwita kwa sauti, mara moja tu, na chumba changu hakikunijibu.

Sikupiga hata mswaki. Nilibeba kompyuta nikaenda kwao.

Mama Zuhura alikuwa anafagia uwanja. Akaniona, akasimama na fagio lake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Alfajiri yote hii, kwema?"

Nikamsimulia pale pale, tumesimama. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Alivaa nini?"

"Dera la manjano. Lile lenye doa."

Akatikisa kichwa kukubali, taratibu. "Na mimi? Hakuniulizia?"

"Alisema umechoka, mama."

Fagio likamtoka mkononi. Akakaa kwenye kizingiti cha chumba cha uani na kujifuta macho kwa pindo la kanga. Nikaliokota fagio nikaliegemeza ukutani.

"Mkeka ule nauacha kwa ajili yako," akasema. "Mimi nilitaka kuukunja zamani. Kila nikiinama kuushika nasema, mtoto wa watu akija jioni atakaa wapi? Kila nikiuona ni kama mtu kaja kunipa habari ya msiba upya. Lakini nikasema basi, wewe una uchungu kuliko mimi."

Ninaandika haya na bado naona aibu. Kuliko yeye aliyemzaa! Nilipiga magoti nikamwomba radhi, akanisukuma begani na kuniambia niache upuuzi, niinuke, kazi yenyewe hii inataka watu wawili. Tukaingia. Yeye akashika ncha moja, mimi nyingine. Mkeka ulikuwa umeacha alama yake kwenye sakafu, na tulipoukunja vumbi lilipanda tukapiga chafya wote wawili. Tukausimamisha nyuma ya mlango.

Kisha nikafungua kompyuta juu ya meza ya cherehani. Niliurudisha ule mstari wa mwisho herufi kwa herufi kama alivyouandika, nikamwomba radhi yule msimamizi, nikautuma. Hapakuwa na la zaidi. Mama Zuhura alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono wake uko begani kwangu.

"Anafanyaje humo?" akauliza.

Nikamwonyesha. Nikaendesha jaribio mbele yake, nikawa namtafsiria yaliyoandikwa. Hapa jina lake linaandikwa. Hapa inazimwa ghafla. Hapa inawashwa. Hapa inauliza kama Zuhura yupo. Jibu likatokea na sikuhitaji kumsomea, kwa sababu jina la mwanawe analijua kuliko mimi. Likakaa kwenye kioo kitambo kidogo, halafu mstari wa mwisho ukapita likafutika. Majaribio mengine yakaanza kuingia, moja baada ya jingine, na hakuna lililoanguka.

"Ameondoka?"

"Ameondoka, mama."

Mkono wake ulibaki begani kwangu. Nilisikia akivuta pumzi, akaishika, akaiachia.

"Hebu muulizie tena," akasema.

Nikamuulizia tena.