Mtunza Chupa na Mgongo Wake

Kila asubuhi mtunza chupa wa maabara ile ya Daegu, Korea, huzigonga kwa ukucha, akizisemesha kama mitungi ya kimchi, kabichi ya kuchachusha: "Haya, wavivu, nani ameyeyuka?" Ndani ya maji ya chumvi yenye uvuguvugu wa mwili, vipandikizi vya uti wa mgongo vilivyoundwa viyeyuke hulainika, hupasuka, mwishowe huwa unga. Mkono wake mwingine haubanduki mezani, maana kipandikizi kama hicho kimo mgongoni mwake, kikishikilia mifupa mpaka iungane. Profesa Maeng huutazama mkono huo kuliko chupa. Leo, sikukuu ya Mwaka Mpya ikiwa imepita juzi tu, akamuuliza, "Chako je, mama?"

"Kinakwenda zake, mzee. Mfupa umeshika."

Mtunza chupa akapiga magoti, paji la uso likagusa sakafu, akainuka bila kushika meza, kisha akakinga viganja. "Haya, Mwaka Mpya mzee hainamiwi bure. Bahasha yangu ya pesa iko wapi?"