Mgodi Uliochimbwa Kwenye Muhogo wa Riziki

Mtu asikudanganye: hapa Mikelenge, mtaa wa Kindu mkoani Maniema, hakuna kasiterite. Kuna muhogo, kuna mboga za lengalenga, kuna majirani wenye masikio marefu, lakini yale mawe meusi mazito yanayotoa bati hutoka Kalima, na mvua ikinyesha pikipiki hutumia kutwa nzima kufika huko. Riziki binti Soudi alilijua hilo kuliko wengi. Tangu miaka ya vita alikuwa akiyaosha mawe hayo mtoni Kalima, wiki tatu kule, wiki moja nyumbani kwake Mikelenge. Kwa hiyo siku aliyorudi kutoka sokoni akakuta mgodi umefunguliwa nyuma ya nyumba yake, alitua kapu akacheka hadi akashika mbavu. Kisha akaiona mihogo yake imelazwa kando ya shimo, mizizi juu, na kicheko kikamkauka.

Mwenye shimo alikuwa Tambwe, prezida wa komite ya wachimbaji. Wiki iliyotangulia alimletea Riziki kule Kalima sabuni na kilo mbili za chumvi, akaomba nafasi kidogo nyuma ya nyumba yake ya kuzungumza na wageni. Wageni wenyewe walikuwa wametumwa na kampuni za motokari. Kampuni hizo hushindana kwa kila kitu, ila safari hii zilikubaliana kutuma watu pamoja, waangalie bati linalounganisha nyaya za magari yao linapita mikononi mwa nani, na hao wenye mikono wanatendewaje. Tambwe hakutaka waione Kalima. Aliwaandikia kwamba daraja limekatika, lakini wasihangaike, lipo tawi la mgodi hapa hapa mjini. Akachimba shimo la kina cha kifua, akamwaga humo madebe mawili ya mchanga wa Kalima, akawavika wachimbaji saba kofia mpya zenye karatasi za dukani bado zimebandikwa.

"Na sisi wanamuke?" Riziki aliuliza.

"Mama Riziki, leo mukae ndani," Tambwe akasema. "Ku liste hakuna wanamuke. Wageni wakiona wanamuke na mabeseni, wataleta maulizo mingi."

Hapo ndipo palipouma. Orodha ile ya watu wa mgodi ingetiwa saini siku hiyo hiyo. Asiye na jina humo asingepata kadi, na asiye na kadi asingekanyaga tena mgodi wa Kalima kuanzia mwezi ujao. Waoshaji walikuwa kumi na mmoja, wote wanawake wa Mikelenge. Riziki hakubishana. Wanaomfahamu wangejua kwamba Riziki asipobishana, kuna jambo linapikwa.

Wageni walifika saa nne. Mkubwa wao alikuwa Élisabeth, mama mzaliwa wa Kindu aliyehamia Kinshasa, buti miguuni na daftari mkononi. Nyuma yake alikuja mzungu mrefu aliyetabasamia kila kitu, hata mbuzi. Tambwe akaanza kueleza. Wachimbaji wakapiga sururu kwa bidii ambayo Kalima haijawahi kuiona. Riziki akatoka jikoni, akakaza kitenge chake, akasema bismillahi, akarukia shimoni.

Sasa, mchimbaji wa Maniema huvumilia maporomoko, njaa na askari, lakini si mwanamke shimoni. Mwanamke akiingia, madini yanakimbia. Kila mmoja alifundishwa hivyo na baba yake. Wale saba walijua fika kwamba shimo ni la uongo, na kwamba jana tu palikuwa na muhogo. Hata hivyo walifumuka kama kumbikumbi, wakaacha kofia chini, na mmoja wao, Gédéon, akajikuta juu ya ukuta wa choo.

"Toka mule, mama! Utaharibu madini!" Tambwe alipiga kelele.

"Madini gani? Hii njo shamba yangu."

Élisabeth akamwuliza Gédéon kwa nini wamekimbia. Kutoka kule ukutani, Gédéon akamweleza mwiko wote kwa adabu.

"Na nani anaosha madini?"

"Mama Riziki na wenzake," Gédéon akajibu, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha jibu la swali hilo.

Tambwe akaapa kwamba mama huyu hajaosha hata jiwe moja. Riziki akaomba beseni na maji. Akachota mchanga palepale alipokuwa, akazungusha beseni mara nne, na chini zikabaki punje nyeusi, safi.

"Hii ni ya Kalima," akasema. "Mikono yangu njo ilikuwa inaosha mchanga hii wiki iliyopita. Na daraja iko muzima, nilipita pale juzi."

Riziki mwenyewe akashtushwa na maneno yake. Kulikuwa na mwaka mmoja ambapo wanunuzi wote walikimbia madini ya Maniema, na Kalima nzima ililala njaa. Kwa kutafuta jina lake liandikwe, pengine amewanyang'anya wote chakula. Aliogopa kweli.

"Mutaacha kununua kwetu?" akamwuliza Élisabeth kwa sauti ndogo.

"Hapana, mama. Kukimbia tulishakimbia, haikusaidia muntu. Sasa kampuni zilipatana: tukikuta kosa, tunalitengeneza pamoja na nyinyi. Kesho tunaenda Kalima." Élisabeth akamgeukia Tambwe. "Prezida, andika wanamuke kwanza." Kisha akainama ukingoni mwa shimo. "Lakini mama, jina ku karatasi unaitakia nini namna hii?"

Riziki alifuta mikono kwenye kitenge.

"Wakati ya vita tulibeba mizigo toka Kalima mpaka huku, bunduki nyuma yetu. Malaika, rafiki yangu, akaanguka njiani. Tukagawana mzigo yake. Tulipofika, askari akahesabu mizigo, akasema: muko wote. Hakuna muntu aliuliza Malaika iko wapi."

Gédéon alishuka ukutani polepole. Tambwe aliandika, safari hii bila hotuba, huku wanawake wakitoka majumbani mwao kuja kumtajia majina yao. Alipomaliza, Élisabeth akamwamuru ayasome kwa sauti.

"Riziki binti Soudi?"

"Niko," akasema Riziki. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakujali kuyaficha. Mzungu akamnyoshea mkono amtoe shimoni, lakini alikataa kutoka.

"Ngoja," akamwambia Tambwe. "Soma tena."