Vifungo vya Gauni la Zuwena

Nakumbuka alasiri moja ya ujana wangu, mwanangu, dada yangu Zuwena alipovua gauni la harusi yake, akalikunja vizuri, akamrudishia mama na kusema haolewi. Mialiko ilikuwa imeshazunguka mji mzima. Mama aliketi palepale sakafuni.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Miaka hiyo ya hamsini tulikaa Kariakoo, nyuma ya duka la baba la nyuzi na vigwe, zile kamba nyembamba za mapambo. Zuwena aliungua na uji wa moto akiwa mtoto, na vidole vya mkono wake wa kulia vilipona vikiwa vimekunjika na kushikana. Mkono wa kushoto ulimfanyia karibu kila kitu, isipokuwa vifungo. Vifungo alifungwa na mama, au nilimfunga mimi.

Na mimi nilipenda kumfunga! Nilikuwa na kimbelembele ambacho hata leo wanaonijua wananitania nacho. Kabla hajanyoosha mkono kuchukua kikombe, nimeshamshikia. Majirani walinisifu kwamba nampenda dada yangu. Kumpenda nilimpenda kweli, lakini na sifa nazo nilizipenda, nisikufiche.

Sasa, kule Mchafukoge alikaa mama mmoja wa Kichina, mtu mzima, tukimwita Bi Mei. Mumewe alinunua majongoo ya bahari yaliyokaushwa. Walikuwa wametokea Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha baba yangu, ambaye akikasirika alichanganya na Kiarabu. Vigwe alinunua dukani kwetu, vyekundu hasa. Alivifunga mafundo ya mapambo: maua, vipepeo, samaki, kila pambo kwa kigwe kimoja kisichokatwa. Akitaka kuanza, anachomeka pini kwenye mto mgumu uliojazwa sufi, anakizungusha kigwe kwenye pini hizo kikiwa kimelegea, kisha anakikaza taratibu, kutoka katikati kuja nje. Nilijifunza kwake, na nilikuwa hodari.

Zuwena alipochumbiwa, nikasema vifungo vya gauni lake nitavifunga mimi. Lilikuwa la hariri ya kijani, limefunguka mbele. Nikatengeneza vifungo vya kigwe vidogo vidogo, kila kimoja ua zima, vimekazwa barabara. Vitanzi vyake nilivibana viwe vyembamba, visionekane. Mafundi wa mtaani walivitazama wakatikisa vichwa kwa kuvipenda. Zuwena peke yake hakuna aliyemuuliza.

Alasiri ile ndipo alipolijaribu. Alihangaika na kifungo cha kwanza mpaka jasho likamtoka. Nikasogea nimfunge, akanisukuma.

"Fungate ikiisha, somo anayenifunda atarudi kwake," alisema. "Halafu nguo zangu nyingine nani atanifunga kila asubuhi? Mama mkwe? Nimwite wifi chumbani anivalishe kama mtoto? Basi, siolewi."

Kijana mwenyewe alimpenda Zuwena, na Zuwena naye alimpenda. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikachukua gauni, nikamshika dada mkono, tukaenda Mchafukoge bila hata kuaga. Nilitaka Bi Mei anisaidie kutengeneza vingine.

"Shikamoo, Bi Mei."

"Marahaba, Thuraya. Mbona macho mekundu?"

Nikamweleza. Akavishika vifungo vyangu, akavipapasa, akatabasamu. Nikajua nasifiwa.

"Vizuri sana," alisema. "Ulimuuliza dada yako anataka vya namna gani?"

"Sikumuuliza. Nilitaka apendeze."

"Kupendeza atapendeza. Kuvaa je? Vifungo hivi umevifunga vya kukupendeza wewe, mwanangu, halafu ukamvika yeye."

Bi Mei akauchukua ule mto wa pini, akauweka mbele ya Zuwena pamoja na kigwe cha kijani. "Funga," alimwambia.

"Bi Mei, mkono wenyewe huu," Zuwena alisema.

"Nauona. Pini ndizo zitakazokushikia. Mkono mmoja unazungusha, mwingine unagandamiza."

Kigwe kikateleza. Mkono wangu ukaruka wenyewe kwenda kukishika, na Bi Mei akaupiga kofi dogo.

"Nimemwambia yeye. Wewe kalia mikono yako."

Nikaikalia kweli, mwanangu, yote miwili. Sijawahi kukaa kikao kirefu kama kile. Pini zilianguka, kigwe kilifumuka, Zuwena akatukana tusi ambalo sikujua kama analijua. Kila alipokosea nilijua kosa liko wapi, na ulimi uliniwasha. Lakini alianza kutumia meno, akagundua namna yake ya kugandamiza kwa kiganja cha ule mkono wa kulia, namna ambayo hata Bi Mei hakuwa ameifikiria. Mwishowe likatoka fundo moja nene, limepinda upande.

Zuwena akalitazama, akaanza kucheka. "Thuraya, nimelifunga mimi!"

Nililia. Miaka yote ile nilidhani namsaidia, kumbe sikuwahi kumpa nafasi ya kujaribu.

Vifungo vyote vya gauni, na baadaye vya nguo zake nyingine, akavitengeneza yeye, vikubwa kama alivyovitaka, na vitanzi virefu vya kupitisha kwa kidole gumba. Gauni likarudi kwa mama, na harusi ikawa.

Siku yenyewe chumba kilijaa wanawake, udi unafuka. Somo akanyoosha mikono kumfunga bibi harusi. Zuwena akasema kwa upole, "Niache, somo." Akaanza juu akishuka chini, kifungo kimoja baada ya kingine, bila haraka. Cha mwisho kilimsumbua. Mama mkwe wake aliyesimama mlangoni aliona, akasogea hatua, kisha akauliza, "Nikusaidie, mwanangu, au umeshakiweza?"

"Nimeshakiweza, mama."

Na akakiweza. Mama mkwe ndiye aliyeanza kupiga vigelegele.

Basi mwanangu, ninalokuusia ni hili. Ukimwona mwenzio anahangaika, usimvamie na wema wako. Muulize kwanza. Akikutajia msaada anaoutaka, mpe huohuo, usimpe ule utakaokupatia sifa wewe. Akikwambia mwache, mwache, lakini usiondoke. Kaa karibu naye, umvumilie akikosea mpaka apate njia yake. Hata wanao utakapowapata, usiwafanyie kila kitu kwa sababu tu wewe unakifanya upesi zaidi.

Mungu akupe moyo wa kutoa na subira ya kungoja. Na siku utakapochoka, mikono yako nayo ikashindwa, akujaalie watu watakaokuuliza kabla ya kukushika. Amin.