Wakwe Walikaa Hema la Mwisho

Ondieki hakuwa mtu wa maneno mengi, na ndiyo sababu kazi ya kamera ilimfaa. Ukiwa nyuma ya kamera hakuna anayekuuliza maoni yako. Alizaliwa Suneka, akasoma hadi darasa la nane, karo ya sekondari ikakosekana, akaingia studio ya mzee Obwocha mjini Kisii kufagia na kubeba taa. Polepole akajua kupiga picha za pasipoti, kisha za harusi, kisha za mazishi. Simu zilipoingia kila mfuko, picha za karatasi zikafa. Ondieki hakufa nazo. Akawa mtu wa kwanza upande wa Suneka kurusha mazishi laivu, ili watoto walio Amerika na Uarabuni waone mzazi wao akizikwa.

Watu walimheshimu mpaka siku ya mazishi ya mwalimu Onsongo. Siku hiyo watazamaji walijaa. Ondieki alikuwa amekodi nafasi kwenye kompyuta moja huko ng'ambo, na kila mtazamaji alichota picha hapo hapo, kama kijiji kizima kwenye mfereji mmoja. Jeneza lilipoanza kushuka, picha ikaganda. Walioko mbali hawakuona kaburi. Walimwona mchungaji amefungua mdomo, na mdomo ule haukufungwa mpaka udongo ukasawazishwa. Tangu hapo vijana wa stendi ya Suneka wakimwona na begi lake la kamera walikuwa wanafungua midomo na kubaki hivyo, bila kusema neno.

Kisha akaja Hafiz. Alikuwa kijana wa Kisii mjini, babake akiuza simu karibu na soko la Daraja Mbili. Alizungumza Ekegusii bila kukwama, alivaa shati lililopigwa pasi, na picha zake hazikuganda. Matangazo ya vifo yakaanza kutoka na namba ya Hafiz chini yake. Ondieki aliyasoma yote, moja moja, jinsi mwanamume anavyomtazama mchumba wake wa zamani akipita barabarani na mwingine.

Basi Gladys wa Magwagwa alipofariki, mama mkwe wake mwenyewe, Ondieki alipangusa kamera, akachaji betri zote na kungoja simu. Simu ikaja. Alikuwa Fred, kaka ya mkewe Orpah.

"Shemeji, kamati imekaa," Fred alisema. "Tumemchukua Hafiz."

"Hafiz gani?"

"Kuna wangapi? Usikasirike. Wewe ni mkwe. Utasimamaje na kamera juu ya uso wa mama? Watu watasema nini?"

Haukuwa uongo. Mkwe na mama mkwe wa Kikisii huoneana haya, na haya hiyo haiishi mmoja akifa. Miaka yote ya ndoa Ondieki hakuwahi kumshika Gladys mkono wala kukanyaga chumba chake cha kulala. Lakini angeweza kutuma mtu ashike kamera, yeye akae na mitambo kando. Fred alijua hivyo pia, maana aliongeza kwa sauti ya chini:

"Halafu kuna Linet. Hawezi kuja. Ameomba kitu kimoja tu, amwone mama akishuka. Hatutaki abaki na mdomo wa mchungaji, shemeji."

Linet alikuwa kitinda mimba wa nyumba ile, muuguzi Amerika, na karatasi zake zilikuwa bado hazijakubali atoke na kurudi. Ondieki alisema sawa. Alipokata simu aligundua kwamba alikuwa ameliuma shavu lake kwa ndani.

Siku ya mazishi, wakwe walipewa hema lao la mwisho kabisa, kwenye ukingo wa shamba la majani chai. Kutoka pale Ondieki alimwona Hafiz upande wa kushoto wa nyumba, kaburi lilipochimbwa, akifunga kamera kwenye stendi yake. Aliona watu wakimpisha. Akaona pia Orpah, mke wake wa ndoa, akimpelekea chai na chapati mbili zilizofunikwa.

"Mbona huyo anakula mapema?" alimuuliza Orpah alipopita.

"Baba Joyline, si yuko kazini?"

Kazini. Kazi iliyokuwa yake.

Alitoa simu akafungua linki ya Hafiz. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie, Ondieki alipata raha. Picha ilikuwa inakwama! Kwaya ilikuwa ikiimba vipande vipande. Jeneza lilionekana, likapotea. Chini ya picha Linet alikuwa ameandika: "Simwoni mama. Imesimama." Kule mbele Fred alikuwa akimkemea Hafiz kwa mikono, na Hafiz amepiga magoti kwenye nyaya, jasho limelowesha lile shati la pasi.

Ondieki angeacha hapo. Lakini wivu ukishapata kipande cha kwanza hutaka sahani yote. Alikumbuka kilichomwangusha yeye. Ni watu. Watazamaji walipozidi ndipo picha ilipokufa. Akafungua kundi la kwaya, kundi la wazazi wa shule, na lile kundi kubwa la watu wa Suneka wanaoishi ng'ambo, ambao wengi aliwahi kuwarushia mazishi. Kote aliandika maneno yale yale: "Tunamzika mama mkwe wangu leo. Karibuni mtazame, na mumpitishie mwenzenu."

Orpah alikuwa amesimama nyuma yake. Alisoma, akamshika bega.

"Asante," alisema, sauti imekatika. "Nilidhani umenuna. Kumbe unamtafutia mama watu."

Ondieki aliangalia majani chai.

Idadi ya watazamaji ikaanza kupanda. Aliisubiri picha ife. Ikayumba kidogo, ikayumba tena, kisha ikafunguka. Ilifunguka mpaka ungeona mshono wa kitambaa juu ya jeneza. Watu wakazidi kuingia, nayo ikazidi kutulia. "Sasa naona," Linet aliandika. "Mama, nakuona."

Ondieki alisugua kioo cha simu kwa kidole kama mtu anayefuta uchafu.

Hafiz akaja hemani mbio huku kwaya ikiendelea. Ondieki alijua ameshikwa.

"Mzee, ni wewe umesambaza?"

"Ni mimi."

"Wallahi umeniokoa!" Hafiz alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mtandao wa hapa Magwagwa ni mdogo, na walioingia asubuhi wote walikuwa na bando za kubahatisha, wanapokea tu hawatoi. Yaani mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nawalisha. Wewe ukaniletea wa Amerika wenye intaneti ya nyumbani."

"Wakizidi si ndio inakufa?"

"Hiyo ni ile ya zamani, mzee. Kwangu anayetazama anabeba. Akipata kipande cha picha anampa aliye karibu naye, yule anampa mwingine. Wa Amerika wanapeana huko huko. Wakizidi ndio inanona." Akagusa pembe ya simu ya Ondieki. "Ona kamshale haka. Kakiwa kijani, hata wewe unampa mtu."

"Nampa nani?"

"Mtu tu. Labda jirani, labda Linet mwenyewe." Akacheka, akarudi mbio kwenye kamera yake.

Ondieki alibaki na kamshale kale ka kijani. Alikuwa ametaka kumwangusha Hafiz, sasa alikuwa anambebea mzigo, kwa bando lake mwenyewe. Simu ilikuwa imepata moto mkononi. Kamba zikawekwa chini ya jeneza. Kidole chake kikaenda kwenye kitufe cha kufunga. Simu moja haiwezi kuharibu kitu, alijiambia. Halafu akajiambia, na kama ndiyo hiyo inayompa Linet?

Mchungaji alifungua mdomo.

Ondieki aliujua mdomo ule. Alitoa leso, akaizungushia simu kwa sababu ya joto, akaishika kwa mikono miwili mbele ya kifua, vidole visikifikie kile kitufe. Jeneza likashuka. Kamba zikalegea. Mchungaji akasema amina, na mdomo ukafungwa, hapa kaburini kwanza, kisha baada ya kitambo kidogo kwenye simu ndani ya leso ya Ondieki.

Fred aliposhika kipaza sauti aliwashukuru wapishi, waliochimba, na Hafiz. "Na shemeji yetu Ondieki," aliongeza, "aliyetuitia dunia nzima." Watu wakapiga makofi, Hafiz kuliko wote. Ondieki aliinama kama mtu aliyetupiwa mchanga.

Udongo ulipojaa, ndipo Linet alipoandika. Ondieki alisogeza simu karibu na macho. "Nimemwona mama mpaka mwisho. Hafiz, Mungu akulinde."

Aliyasoma tena polepole, akilitafuta jina lake. Kamshale kalikuwa bado ni ka kijani. Hakuifunga.