Pilipili Zisizojua Udongo

Nilianza kupanda pilipili ndani ya nyumba kwa sababu ya kuku. Hata hawakuwa wangu, walikuwa wa mama mwenye nyumba. Ploti ninayokaa hapa mjini Wote ina uwanja wa simiti na kipande cha udongo kisichozidi upana wa mkeka, na kila nilichopanda pale walikila. Sukuma wiki, wakala. Dania, wakala. Mche wa pilipili wenye majani mawili, jogoo aliung'oa, akautazama, akauacha hapo hapo kwa madharau tu. Nilimrushia ndara nikamkosa, na mama mwenye nyumba akacheka mpaka akakaa chini.

Mimi hasira zangu ziko karibu, hata watoto wa darasa langu wanajua. Nikaapa kwamba nitapanda mahali ambapo huyo jogoo hatatia mguu.

Kwenye maonyesho ya wakulima nilikuwa nimeona mtu akikuza mboga kwa maji matupu, bila udongo. Nikanunua ndoo sita zenye vifuniko, nikatoboa kila kifuniko kwa msumari wa moto, nikapachika vikombe vya plastiki vilivyojaa vipande vya sponji ya godoro kuukuu. Mche unakaa kwenye sponji, mizizi inaning'inia majini, na majini unatia mbolea ya unga kutoka duka la agroveti. Pampu ndogo, ile ya kuwapa hewa samaki wa mapambo, inapuliza mapovu ili mizizi isioze. Ndoo zangu nilizipanga sebuleni chini ya taa nyeupe, nikafunga wavu madirishani, na mlango nikawa naurudisha kila nikipita.

Miche ya kwanza niliiua mwenyewe. Niliiwekea maji ya kisima, na maji ya kisima ya huku kwetu yana chumvi, ukipika nayo chai unajua. Majani yakaungua kingo, yakajikunja, yakaisha. Miche ya pili nikaipa maji ya mvua kutoka kwenye tangi, na mama mwenye nyumba akanisema wiki nzima.

"Watu wanabeba mitungi, mwalimu, na wewe unaogesha pilipili!"

Nikamweleza kwamba ndoo moja inakaa siku nyingi, kwamba shambani maji yangenywewa na jua. Akasema "sawa" ile ya kumaanisha si sawa.

Miche ilipofika urefu wa kiganja, baba akavunjika mguu.

Baba yangu anaishi Kilungu, juu kabisa, mahali ambapo njia ya miguu inapanda kama ngazi. Tangu mama atutoke anaishi peke yake na mizinga yake ya nyuki. Ndugu zangu wote wako Mombasa, kwa hivyo mwenye kumpigia kelele ni mimi. Nilikuwa nimemwambia mara mia asipande tena miti kufuata mizinga. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hawakusema mkuu mwenyewe asiposikia atavunjika nini. Kwetu lilikuwa guu lile lile. Alianguka asubuhi ya Jumapili, akalala chini ya mti hadi watu walipotoka kanisani wakamsikia akiita. Hospitalini wakamfunga plasta, na mimi nikamleta Wote.

Nimerithi jina la mama yake, kwa hivyo akifurahi huniita mama, kama ilivyo desturi yetu Wakamba. Akikasirika huniita mwalimu. Siku ile ya kwanza alisimama na magongo yake katikati ya sebule, akatazama ndoo, akatazama taa, akasikiliza pampu.

"Mwalimu," akasema, "hii mashine yako inakoroma kumshinda mama yako, Mungu amlaze pema."

Ikawa hivyo. Hakuna alichokipenda. Muthokoi wangu, yale mahindi ya kukoboa, ulikuwa laini mno, wa Kilungu una meno. Jirani walikuwa wengi na hawana habari. Hata hivyo, nikirudi kutoka shuleni nilimkuta ameketi mlangoni ananingoja, ana ubishi mpya tayari, na kusema kweli nilianza kutembea haraka njiani. Nyumba yangu ilikuwa haijawahi kuwa na mtu wa kubishana naye.

Plasta ilipokaribia kutolewa, alasiri moja tulikuwa mlangoni na mama mwenye nyumba tukichagua maharagwe. Baba akakohoa.

"Hii kitu ikitoka, mimi nakwenda kwangu."

"Kwako wapi?"

"Kwangu ni wapi, mwalimu? Kilungu. Mizinga yangu iko na nani?"

"Baba, ulilala chini ya mti mpaka watu wakatoka kanisani. Ukianguka tena, na siku hiyo si Jumapili?"

"Nitachagua Jumapili."

Mama mwenye nyumba akacheka. Mimi sikucheka. Damu ilinipanda kichwani, nikasimama, maharagwe yakamwagika, nikasema neno ambalo mtoto hamwambii mzazi. "Basi nenda! Nenda ukafie huko na nyuki wako!"

Woi. Niliinama nikaokota maharagwe moja moja, machozi yananitoka, kwa sababu nilichotaka kusema ni kwamba naogopa. Naogopa simu itakayolia siku moja, na sauti ya mtu mwingine ikiongea kwenye simu ya baba.

Baba hakukasirika. Alinyoosha gongo lake kuelekea ndani, kwenye ndoo.

"Hizo vitu zitazaa?"

"Zitazaa," nikasema, nikijifuta.

"Bila udongo?"

"Bila udongo."

"Haya. Zikizaa kabla mvua ianze, mimi nitakaa hapa, na mizinga nitampa jirani yangu aangalie. Zisipozaa, utanipeleka Kilungu mwenyewe, na hutapiga kelele tena. Mama wa kuku ni shahidi."

Tukashikana mikono. Mama mwenye nyumba akasema ameshuhudia, na kwamba haitwi mama wa kuku.

Kuanzia hapo sikuzitunza tena zile pilipili, nilizilea. Nilipima mbolea kwa kijiko kama mganga. Zikarefuka, zikatanua majani, na Septemba zikatoa maua madogo meupe, kila ndoo, mpaka nikaimba. Nikamwita baba aone. Akaangalia ndoo moja baada ya nyingine.

"Ni mazuri," akasema. "Lakini humu ndani ni kimya sana, mama. Husikii?"

Nilidhani anasema habari za upweke, nikamfungulia redio.

Baada ya siku chache maua yakaanza kuanguka. Kila asubuhi nayakuta sakafuni, mazima, kila moja na kijiti chake kidogo cha manjano. Niliyafagia kabla baba hajaamka nikayaficha kwenye pipa chini ya maganda ya viazi. Nikabadilisha maji, nikapunguza mbolea, nikaongeza mbolea, nikasogeza taa. Nikaomba. Mchungaji wetu amesema hakuna ombi dogo, ila hilo la maua ya pilipili sikumtajia. Maua yakaendelea kuanguka. Kule nje wakulima walikuwa wameshaanza kulima, na wale wasio na subira walikuwa wanapanda kwenye vumbi kabisa, wakingoja mvua iwakute tayari. Baba plasta ilikuwa imetoka. Alikuwa anatembea na gongo moja, uwanja mzima, huku na huku, na sijui walikosana nini na yule jogoo, maana jogoo akimwona tu alikuwa anakimbilia nyuma ya tangi.

Siku ile nilipoona wingu la kwanza upande wa vilima, akili yangu ikaharibika. Nitaungama. Nilimwambia baba nakwenda sokoni hadi saa sita. Nikanunua pilipili mbichi fungu zima, nikichagua zenye vikonyo virefu, kisha nikapita dukani nikanunua uzi wa kijani. Mwalimu mzima, mzee wa kanisa ananijua, nikapanga kumtuma baba dukani kwa maziwa ili nizifunge zile pilipili kwenye matawi moja moja.

Nilirudi saa nne. Nilipita chini ya dirisha la sebule na mkoba wangu wa dhambi, nikasikia sauti. Baba alikuwa anaongea. Nikajua ana mgeni, nikachungulia.

Hakuwa na mgeni. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya ndoo ya tatu, mguu mbovu ameunyoosha, miwani puani, na mkononi ana unyoya wa jogoo. Alikuwa analigusa ua moja na ncha ya unyoya, anauzungusha pole pole, kisha anahamia ua lingine, halafu anarudi. Ua kwa ua.

Nyuki! Nilijipiga paji la uso pale nje. Kila mwaka nachora ua ubaoni. Kila mwaka nauliza darasa zima, nani husaidia chavua, ule unga wa ua, kufika mahali pake, na mikono yote inainuka. Baba yangu amefuga nyuki tangu kabla sijazaliwa, karo yangu ya shule ilikuwa asali, na mimi nimefunga wavu madirishani, nimefunga mlango, hata upepo hauingii, kisha nashangaa maua yanaanguka. Hicho ndicho kimya alichokuwa akikisikia.

Halafu nikasikia anachosema. Alikuwa anayasemesha maua kwa Kikamba, kwa ile sauti ya kubembeleza anayotumia kwenye mizinga.

"Haya, wasichana, fungueni. Msiniaibishe. Mvua iko hapo Kilungu inakuja. Mkinikatalia nitarudi kule, na kule nitaongea na nani?"

Nilikaa chini kwenye simiti, mkoba mapajani, nikalia na kucheka kwa wakati mmoja, mdomo nimeuziba kwa leso ili asisikie. Mama mwenye nyumba akatokea na karai la nguo, akaniangalia, akaangalia dirishani, akarudi alikotoka kwa ncha za vidole. Jogoo alikuwa nyuma yake, mkia umepungua.

Nilikaa pale hadi saa sita, kama nilivyokuwa nimemwambia. Kisha nikaingia kwa kishindo, nikilalamika juu ya jua. Baba alikuwa kwenye kiti chake anasikiliza redio.

"Umenunua nini?"

"Pilipili."

Akaniangalia juu ya miwani. "Na za kwako?"

"Bado."

"Aa," akasema. "Subira, mama."

Zile za sokoni tukazila kwenye kachumbari. Uzi wa kijani bado ninao, nimeshonea vifungo.

Siku ya tano mimi ndiye niliyeona ya kwanza, ndogo kuliko punje ya mahindi, imechungulia mahali ua lilipokauka. Kisha ya pili. Baada ya wiki zilikuwa zinaning'inia ndoo zote sita, kijani, zinang'aa. Nikamwita shahidi. Baba akaja na gongo lake, akainama, akazihesabu kwa kidole, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeonewa sana.

"Bila udongo," akasema.

"Bila udongo, baba."

"Umenishinda. Sasa mimi nitafanya nini? Neno ni neno." Akamgeukia mama mwenye nyumba. "Si ulishuhudia? Lazima nikae."

"Lazima, mzee," akasema yule mama, na akaondoka haraka sana.

Jioni hiyo hiyo mvua ikanyesha. Ya kwanza kuiva tuliila na muthokoi, akatokwa na machozi na kamasi, akasema hiyo sasa ni pilipili. Mizinga inaangaliwa na jirani yake, na kila mwezi tunapanda Kilungu pamoja kuisalimia, yeye akiwa chini na mimi nikimpigia kelele asiangalie juu.

Unyoya niliuona mara moja tu baadaye, mfukoni mwa shati lake nilipokuwa nafua. Niliutoa, nikafua shati, nikalikausha, nikalipiga pasi, nikaurudisha mle mle. Na nikitoka shuleni, kabla ya kushika mlango, husimama kwanza pale nje nikakohoa mara mbili, ili apate nafasi ya kuuficha.