Jina Walilomvisha Mwanangu

Mwanangu alifika miaka mitatu hajasema neno, na Kitale nzima ikageuka hospitali. Miaka ya themanini ilikuwa ikielekea ukingoni, na mimi nilikuwa nashona nguo kwenye veranda ya duka la Mhindi. Kila mteja aliyeleta sketi ya kupunguzwa alileta na matibabu. Mmoja alisema nilimlisha mtoto mayai mapema, na mayai hufunga ulimi. Mwingine alisema nilimwonyesha kioo. Mama mmoja wa kanisani, mwenye watoto waliokuwa wakiongea kutwa bila kusema lolote la maana, alitaka tumkate kwa wembe ile kamba iliyo chini ya ulimi. Nikamwambia aanze na wake mwenyewe. Hakuniletea nguo tena, na sikumlilia.

Mtoto hakuwa na shida na mtu. Alikaa chini ya cherehani yangu akipanga vifungo kwa rangi. Akitaka kitu, alinivuta kidole. Ukimwita kwa jina lake, ambalo lilikuwa jina la babu mzaa baba, aligeuka na kukutazama kama fundi aliyekatizwa kazi. Kusikia alisikia vizuri. Kuongea ndiko kulikochelewa.

Disemba tukaenda kwa wazazi wa mume wangu, kule Kabuchai. Huko alikuwapo shangazi wa mume wangu, mwanamke mwenye jibu kabla hujauliza. Kwao mtoto hupewa jina la marehemu wa ukoo. Marehemu asiporidhika, au mwingine akiitaka nafasi hiyo, anayeteseka ni mtoto. Shangazi alimkagua mwanangu kama mtu anayenunua mbuzi, kisha akatoa hukumu.

"Jina ya mzee imekataa. Ule ndugu yake alikufa bila mtoto ndio anataka huyu kijana. Amenijia kwa ndoto. Ni yeye ameshika mdomo ya mtoto."

Ajabu ni kwamba marehemu huyo, katika ukoo mzima, alichagua kuingia kwenye ndoto za mtu anayependa nyama ya jogoo kuliko wote. Jogoo akachinjwa, pombe ya busaa ikamwagwa mlangoni, mwanangu akavishwa jina jipya. La zamani likapigwa marufuku. Atakayelitamka, shangazi alisema, atamletea mtoto ugonjwa mbaya zaidi. Mume wangu, ambaye Kitale alivaa tai na kuimba besi kwenye kwaya, aliitikia kila kitu kwa kichwa.

Tukarudi nyumbani. Kila jioni alipotoka kazini alimwita mtoto kwa jina jipya, na mtoto hakugeuka. Angegeukaje? Hata wewe, nikikuita leo kwa jina la jirani yako, utaendelea na shughuli zako. Lakini hilo lilikuwa jambo zito mno kwa vichwa vya wakwe zangu. Pasaka ilipofika shangazi alikuja Kitale, akasimama nyuma ya mtoto pale verandani, akapaza sauti kwa lile jina lake la ndotoni hadi watu wa ng'ambo ya barabara wakageuka. Mtoto aliendelea na vifungo vyake.

"Ai! Kumbe huyu hasikii! Ni kiziwi, bana, na nyinyi mnasema ati hajui kuongea."

Basi ikawa hivyo. Mtoto aliyeamka bubu alilala kiziwi, na hakuna daktari aliyemgusa. Shemeji yangu, mwalimu kule Bungoma, alimtafutia nafasi katika shule ya bweni ya watoto viziwi, aanze Januari. Mume wangu akanunua sanduku la bati. Mtoto ambaye bado nilikuwa namfunga vifungo vya shati alikuwa anapelekwa kulala kwa watu.

"Anasikia," nilimwambia mume wangu. "Nikifungua mkebe wa biskuti anakuja mbio."

"Anaona mkono wako, mama. Usijidanganye."

Yaliyobaki sikuweza kumwambia. Akiwa kazini, nilimwita mtoto kwa jina lake la kwanza, polepole, na kila mara alikuja. Ningelisema hilo wangepata walichokuwa wakikitafuta: kumbe mama ndiye anayeharibu dawa! Kila neno ambalo mtoto hajalisema lingewekwa mlangoni kwangu. Niliogopa sana. Hawa walikuwa watu wa kuninyang'anya mtoto kisha wakafanya maombi ya shukrani.

Siku ya kumpeleka tuliondokea Kabuchai, maana ukoo ulitaka kumuaga. Pikapu ya shemeji ilikuwa uani. Mtoto alikuwa amechuchumaa karibu na ghala la mahindi, ametupa mgongo, anatazama kuku. Shangazi akamwita kwa jina jipya. Akaita tena kwa kelele, akawageukia watu akiwa ameridhika.

"Si mnaona wenyewe? Kiziwi kabisa."

Mume wangu akainama kuliinua sanduku.

Nikamwita mwanangu kwa jina lake. Sikupiga kelele, niliita kwa sauti ya kumwita mtu aje kula. Akasimama, akajipangusa mikono kwenye kaptura, akaja kwangu.

Shangazi alijishika kichwa. "Ameita ile jina! Mtoto atakufa! Nyinyi mnaangalia tu?" Wengine wakaanza kunong'ona. Ua mzima wa watu wazima, wenye kusoma na wasiosoma, na hakuna hata mmoja aliyefurahi kwamba mtoto ana masikio. Mwalimu alikuwa anakagua matairi ya gari lake.

Mume wangu aliliweka sanduku chini. Akamwita mtoto, kwa jina ambalo hakuwa amelitamka mwaka mzima. Mtoto akaniacha, akamwendea. Baba yake akamwita tena. Akaendelea kumwita, na mtoto alikuwa ameshafika, ameshikilia suruali yake.